Mshahara wa Kumwogesha Mama

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kusubiri la hospitali moja hapa Njombe, nilimwona mwanaume wa umri wangu akimfunga mama yake kitenge vizuri kiunoni. Aliifanya kazi ile kwa heshima kubwa: mikono mbele, uso pembeni, macho kayakaza kwenye tangazo la chanjo kama mtu atakayefanya mtihani juu yake. Wanawake waliokaa karibu walimtazama kwa upendo. Mmoja akasema, "Huyo kalelewa."

Mimi nilishikwa na woga ambao nilidhani umekwisha. Nilitaka kumwambia neno. Ninaishi kwa kuandika makala tangu nimalize chuo kikuu, watu huniita mtu wa maneno, lakini pale nilitafuta pa kuanzia nikaishia kumwuliza kama foleni inasogea. Wakaitwa, wakaingia. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoshindwa kumwambia.

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili, mvua ikiwa imekaza, nyumbani kwake Mjimwema. Alikuwa jikoni akimenya viazi. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikiandika kitabu. Mtu wa miaka hamsini na mbili anayerudi kwa mama yake kuandika kitabu huwa ama ameachika ama amekosa kazi. Mimi nilikuwa vyote viwili, na kitabu kilikuwa na kurasa tisa. Nilisikia beseni likianguka. Nilimalizia sentensi kwanza. Nalisema hili mapema ili ujue unasoma habari za mtu wa namna gani.

Alilazwa siku kumi na moja. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda pembeni, na maneno yaliporudi yalirudi kwa Kibena tu, kile cha zamani cha bibi yake. Kiswahili kilikuja baada ya Pasaka, kikiwa kimekatikakatika. Kabla ya hapo, mimi msomi nilikuwa namwita jirani aje anitafsirie mama yangu mwenyewe.

Tulitafuta wasichana wa kazi. Wa kwanza alikaa wiki moja, akasema baridi ya Njombe haiwezi. Wa pili alijaribu kumnyanyua mama siku mbili, siku ya tatu tukakuta kitanda chake kimetandikwa vizuri na yeye hayupo. Ndipo mdogo wangu Faraja, anayeuza mbao Makambako na ambaye tangu utoto amekuwa na akili za kututosha wote, akaja akaketi sebuleni na kuniita.

"Kaka, tusizungushane. Wewe upo hapa. Mimi sipo, na mdogo wetu wa Dodoma hayupo. Tunaweza kuendelea kumtafuta mtu wa kumlipa, au tukulipe wewe."

"Mnilipe? Kumtunza mama yangu?"

"Ndiyo. Kila mwezi, kama kazi. Ili na mimi nipate haki ya kukuuliza."

Niliwahi kuchapisha makala ndefu nikiwacheka Wazungu wanaolipana kulea wazazi. Faraja aliisoma. Kwa huruma yake hakuitaja. Nilikataa kwa dakika kama tano, nikataja utu na mila na marehemu baba, kisha nikauliza malipo yatakuwa yanaingia tarehe ngapi.

Habari ilifika kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla yangu. "Afisa, leo umetoka kazini mapema!" "Jamani, chuo kikuu siku hizi kinafundisha na pampasi?" "Nyamaza wewe, mwenzio ana shahada ya pili ya mabeseni." Nilicheka nao. Nilikuwa nacheka kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwaambia kwamba naogopa.

Niliogopa uji kuliko kitu chochote. Ukimpa haraka unapita njia isiyo yake, anakohoa, macho yanamtoka, na wewe umesimama na kijiko mkononi hujui umpige mgongoni au uite watu. Niliogopa kumgeuza nikamvunja mkono asiousikia. Niliogopa akilala kimya, niliogopa akiita. Hofu ikawa kama redio ya jirani: haizimwi na si yangu ya kuizima.

Kuogesha hakukunitisha mwanzoni kwa sababu hakukuwa kwangu. Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake. Si jambo la kujadili, ni kama kutokula udongo. Mama Tuli, jirani na mwenzake wa jumuiya ya kanisa, alikuwa anakuja kila baada ya siku mbili, ananifukuza chumbani, anamwogesha huku wakicheka mambo yao ya Kibena. Mwishoni mwa mwezi wa nne binti yake alijifungua Ludewa, naye Mama Tuli akaenda kumlea mzazi huyo. Aliniachia taulo mbili na maombi.

Faraja alipiga simu. "Sasa nani atamwogesha mama? Tutafute binti wa kazi hiyo tu. Ila kaka, itabidi mgawane ule mshahara, mimi sina mwingine."

"Nitaweza," nikasema.

"Utaweza vipi?"

"Kuna namna."

Namna ilikuwa hii. Nilimfunika mama kitenge kuanzia shingoni mpaka miguuni. Niliingiza mkono chini ya kitenge ukiwa na sponji na sabuni, nikaosha kwa kupapasa, uso wangu ukiwa umeelekea ukutani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa. Mpaka leo naweza kukutajia Jumapili zote za mwezi wa tano na nyimbo zake. Pampasi niliibadilisha vilevile, kwa mikono ya kipofu, haraka haraka, nikimaliza nashusha pumzi kama niliyevuka mto. Sehemu nisizoweza kuzigusa kwa heshima sikuzigusa. Nikizipita, najiambia maji yamefika.

Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani, mama mmoja aliuliza ninafanyaje, nikaeleza habari ya kitenge na kalenda. Walinisifu. Mzee wa kanisa alisema vijana wa siku hizi wangejifunza kwangu. Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Usiku ule nililala vizuri, na sijalala vizuri hivyo tena.

Mara mbili kwa mwezi tulikwenda Makambako kwa mazoezi ya viungo, kwa gari la kukodi, mama amelazwa kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu. Faraja alitupokea pale hospitalini, tukasubiri pamoja. Kule kusubiri kulikuwa nusu ya ugonjwa. Benchi la mbao, ukuta wenye rangi mbili, wagonjwa waliopooza upande huu na upande ule wakitazamana kama watu wa ukoo mmoja. Mwezi wa tano mama aliweza kukaa bila kushikwa akahesabiwa mpaka ishirini. Faraja alipiga makofi, watu wakageuka.

Kisha ukaja mwezi wa sita na baridi yake. Asubuhi majani ya uani yanakuwa meupe, maji ya ndoo yanauma vidole. Nilimvisha mama sweta mbili na koti la marehemu baba, nikaweka jiko la mkaa chumbani na dirisha wazi kidogo. Akaanza kukataa kukaa. "Baridi," anasema. Akaanza kukataa chakula. "Baridi." Akaomba nimpake dawa ya kuchua kifuani, ile kali ya mikaratusi, asubuhi na jioni, na akaitaka nyingi mpaka chumba kikawa kinachoma macho. Nilimpaka. Nilidhani ni kifua. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa anajificha ndani ya harufu ile.

Siku ya safari ya mwisho ya mwezi wa sita alikuwa wa moto. Nilijiambia ni sweta. Njiani aliguna kila tulipopita tuta, na mkono wake mzima, wa kushoto, ulinishika suruali ukaikunja. Tulipofika Makambako meno yalikuwa yanagongana. Faraja alimgusa shingo, akaniangalia, akaenda moja kwa moja kwa nesi bila kupanga foleni, na hakuna aliyelalamika.

Walitupeleka nyuma ya pazia. Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alianza kumvua mama nguo moja moja, na mimi kwa mazoea nikageukia ukuta. Nikasikia nguo ikivutwa na kunasa. Kisha nikasikia harufu, ile iliyokuwa chini ya mikaratusi.

"Nani anamwogesha huyu mama?"

"Mimi."

"Njoo uangalie."

Nilibaki nilipo. Nilisema kitu kama, "Sista, mimi ni mtoto wake wa kiume."

"Nimesikia. Njoo uangalie."

Niligeuka. Pale chini ya kiuno, kwenye kifupa cha mkia, kulikuwa na shimo. Kingo zake nyeusi kama ngozi ya kiatu, ndani kijivu na njano, na chini kabisa kitu cheupe ambacho nesi hakukitaja jina nami sikuuliza. Ngumi yangu ingeingia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimelala ukuta mmoja na kitu hiki, nikakilisha, nikakifunika kitenge, nikasifiwa.

Faraja alitoka nje ya pazia nikasikia akitapika. Nami nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda. Ndipo mama, aliyekuwa amelazwa ubavu akitazama upande mwingine, akaanza kulia na kusema neno moja ambalo halikutoka vizuri. Nesi akainama. Mama akarudia, akalivuta silabi kwa silabi.

"Msi-m-fu-kuze."

"Tusimfukuze nani, bibi?"

"Huyu. Hana kazi nyingine."

Nesi akanitazama upya. "Kumbe wewe ni mfanyakazi? Nilidhani mtoto wake."

"Vyote viwili," akasema Faraja aliyekuwa amerudi, akijifuta mdomo kwa kanga.

Ikajulikana yote, polepole, kwa maneno yaliyokatika. Alikuwa amelisikia donda tangu lilipokuwa wekundu tu. Alijua akisema, Faraja atajua kazi haifanyiki, ataajiriwa mtu mwingine, na mtoto wake wa kwanza atarudi kuwa mwanaume asiye na kitu. Akanyamaza. Na mimi nilisema "nitaweza" kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuwa wawili katika chumba kimoja, kila mmoja anaulinda mshahara wangu dhidi ya mwenzake, na donda linakula.

Alilazwa hapo hapo. Daktari alisema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu, kwamba watakata nyama iliyokufa, wampe dawa za dripu, na baada ya hapo ni kusubiri. Nilimwuliza kusubiri nini. Aliniangalia kwa huruma akanipa karatasi ya kusaini.

Wodi ya wanawake haitaki wanaume ila saa za kuona wagonjwa, kwa hiyo siku tatu nilikaa kwenye benchi la nje. Kila mlango ulipofunguliwa nilisoma uso wa nesi kabla hajanifikia. Nilimwomba Mungu kwa namna ya aibu, nikimwahidi vitu ambavyo sikuwa navyo. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Lupembe, mkulima wa chai, anayemwuguza dada yake. Siku ya pili alinimiminia chai ya moto kwenye kifuniko cha chupa yake.

"Kunywa. Halafu sogea upande huu, jua linafika hapa saa nne."

Nilisogea. Hakuniuliza nimefanya nini. Sijui jina lake.

Faraja alikuja kila siku baada ya kufunga duka, na siku mbili za kwanza hakunisemesha. Siku ya tatu alikaa.

"Wiki zote hizo, kaka. Hukuangalia hata mara moja?"

"Ni mama."

"Najua ni mama." Alikuwa anakunja na kukunjua risiti ya dawa. "Na mimi nilikuwa nakuuliza kwenye simu, 'Mama amekula? Amelala?' Sikuwahi kuuliza mgongo wake ukoje. Sikujua kama mgongo unaulizwa."

Jioni ile homa ilishuka. Nesi alitoka akasema mama ameomba viazi. Nililia mbele za watu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na sentensi ya kuweka juu yake.

Tulirudi Mjimwema wiki ya pili ya mwezi wa saba, shimo likiwa safi na jekundu, limejazwa kitambaa chenye dawa, na mimi nimefundishwa. Namna ya kuosha mikono. Namna ya kuchomoa kitambaa cha jana bila kuvuta. Namna ya kuangalia kingo, rangi, maji, harufu. Namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, mto katikati ya magoti. Faraja alikuwa ameshapata mama mmoja aliyewahi kufanya kazi wodini, angeweza kuja mwisho wa mwezi. "Mpaka hapo ni wewe," aliniambia getini. "Ukishindwa, sema siku hiyo hiyo. Sitakulaumu kwa kushindwa. Nitakulaumu kwa kunyamaza."

Asubuhi ya kwanza nilipanga vifaa juu ya meza nikasema, "Mama, naanza." Mkono wake mzima ukashika kitenge. Nilivuta kidogo, akashika zaidi. Mwanamke aliyekuwa hawezi kunyanyua kijiko sawasawa alishika kile kitenge nisiweze kukitoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka sikioni.

"Mama, lisipooshwa litarudi vilevile."

"Toka nje."

Nilitoka. Nilisimama uani kwenye majani meupe, bila koti, nikiwa na simu mkononi tayari kumpigia Faraja na kumwambia nimeshindwa. Niliogopa kuliko siku ya pazia, maana siku ile kulikuwa na nesi. Kisha nikasikia sauti kutoka chumbani.

"Mfanyakazi!"

Nikarudi mlangoni. "Nipo, mama."

"Sikukuita wewe." Alikuwa anatazama dari. Aliyapanga maneno moja moja, kama anayevuka mto juu ya mawe. "Wewe mwanangu. Haifai. Kaa nje. Namwita mfanyakazi. Yule wa Faraja. Analipwa aangalie."

Ilinichukua muda, pamoja na elimu yangu. Nikarudi nyuma, nikavuta mlango, nikasimama pale nje kama mtu aliyetoka barabarani.

"Hodi."

"Karibu. Umechelewa. Nawa mikono."

Akaachia kitenge.

Nikaangalia. Sikutazama kalenda, sikutazama dirisha. Niliuangalia mwili wa mama yangu mchana kweupe, mweupe wa unga pale ngozi ilipokauka, uliokunjamana, uliopungua, wenye shimo, na nilichomoa kitambaa cha jana kama nilivyofundishwa.

"Likoje?" akauliza.

Nilitaka kusema zuri. "Kubwa bado, mama. Lakini jekundu. Halinuki."

"Kama nini?"

"Kama kikombe cha chai."

"Sawa. Na kesho pia usinidanganye."

Yule mama wa wodini aliyepatikana na Faraja alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Alinitazama nikiosha, akarekebisha namna ninavyoweka mto, akanywa chai. Mama akamwambia aende salama, amsalimie Faraja, amwambie tayari ana mfanyakazi. Faraja alipiga simu kuuliza kama ni kweli nataka kuendelea. Nilisema naogopa kila asubuhi. Akasema hilo halimsumbui, kilichomwogopesha ni nilipokuwa siogopi.

Ukinisoma wewe ambaye umepewa kazi hii na ndugu zako, pokea malipo, wala usione haya. Lakini ujue unalipwa kwa ajili ya nini. Kulisha na kufua mtu yeyote atakusaidia. Mgongo, visigino, nyonga, pale ambapo adabu yako yote inakwambia geuza uso: hapo ndipo penye kazi. Na kama mzazi wako hawezi kukubali kuonwa na mtoto wake, mtafutie namna ya kukukubali kama mtu mwingine. Mama yangu aliitafuta mwenyewe, akiwa na nusu ya mwili na robo ya Kiswahili.

Shimo lilikuwa kama kikombe mwezi wa saba, kama kifuniko cha soda mwezi wa tisa. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha likafunga, likaacha kovu jembamba linalong'aa ambalo daktari amesema linaweza kufunguka wakati wowote tukizembea. Kwa hiyo bado naangalia, kila siku. Mama sasa anakaa kitini mpaka saa sita, na anakula viazi kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi napiga hodi, nafanya kazi, namfunika, natoka na beseni. Namwaga maji uani, navaa koti, kisha naingia tena, bila hodi safari hii, nikiwa na chai yake. Naketi kitandani.

"Kamwene, mama. Umeamkaje?"

"Kamwene, baba. Salama."

"Huyo mfanyakazi wako leo vipi?"

Anafikiri kwa haki, kama mtu aliyeombwa kutoa ushahidi.

"Mikono yake ya baridi," anasema. "Lakini anaangalia."